Mtoto wa Darini Aliyekuwa Bingwa wa Kemia

Mtu akitajiwa mkemia, aghalabu humwazia bwana aliyevaa koti jeupe, ameshika chupa yenye maji ya rangi, na moshi unafuka mbele yake. Picha hiyo si ya uongo, lakini haijatimia. Wako wakemia ambao hawashiki chupa wala hawawashi moto. Vyombo vyao vya kazi ni kalamu, karatasi na kompyuta. Hao huitwa wakemia wa nadharia. Kazi yao ni kujua, hata kabla vitu havijachanganywa, ni jambo gani litakalotokea, na kwa sababu gani litokee hilo lisitokee jingine.

Juma hili twawaletea wasomaji wetu habari za mmoja wa mabingwa wa kazi hiyo, Profesa Roald Hoffmann, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 1981. Hatumtaji kwa ajili ya tuzo peke yake. Twamtaja kwa kuwa elimu yake ilianzia mahali ambapo hapana mzazi angependa mwanawe aanzie. Hapa Kamembe, mji wa mpakani wenye watu wanaokuja na wanaokwenda, na katika makambi ya askari na polisi ambako uhamisho ni jambo la kawaida, wako wazazi wengi wanaojiuliza kama mtoto aliyebadilishiwa shule mara tatu na lugha mara mbili aweza kweli kufika mbali katika masomo. Maisha ya mtu huyu ni jibu moja la swali hilo.

SHULE YA DARINI

Roald Hoffmann alizaliwa tarehe 18 Julai 1937 katika mji wa Złoczów, ambao wakati huo ulikuwa wa Poland na sasa umo katika nchi ya Ukraine. Baba yake, Hillel Safran, alikuwa mhandisi wa ujenzi. Mama yake, Clara, alikuwa amesomea ualimu. Walimpa mtoto wao jina la Roald kwa heshima ya Roald Amundsen, msafiri wa Norway aliyekuwa wa kwanza kufika Ncha ya Kusini ya dunia.

Familia hiyo ilikuwa ya Kiyahudi. Mwaka 1941 majeshi ya Ujerumani ya Hitler yalipoingia katika mji huo, Wayahudi walianza kuuawa, na waliobaki walifungiwa mtaa wao wa peke yao, kisha wengine wakapelekwa katika kambi za kazi za kulazimishwa. Safran, mkewe na mtoto walikuwa miongoni mwa waliopelekwa kambini. Kwa kuwa alikuwa mhandisi, baba aliruhusiwa kutoka na kuingia kwa ajili ya kazi. Mwanzoni mwa mwaka 1943 alifanya mpango wa kumtorosha mkewe na mtoto pamoja na jamaa zao wachache.

Walikokwenda kulikuwa ni shule. Katika kijiji cha Univ, mwalimu mmoja wa Kiukraine, Mykola Dyuk, na mkewe Maria, walikubali kuwaficha watu hao katika dari ya jengo la shule ambamo wao wenyewe walikuwa wakiishi na watoto wao. Kila mwenye akili aweza kupima uzito wa uamuzi huo. Mtu aliyegunduliwa akimficha Myahudi, adhabu yake ilikuwa kifo, yeye na jamaa yake.

Mtoto Roald alikuwa na umri wa miaka mitano na nusu alipopanda darini. Alikaa katika maficho hayo zaidi ya mwaka mmoja. Hakuruhusiwa kupiga kelele, wala kukimbia, wala kutoka nje. Kupitia tundu la dirisha aliwatazama watoto wa umri wake wakicheza uani, naye hakuweza kuwaita. Lakini darini humo palikuwa na vitabu vikuukuu vya shule, navyo vikawa mali kubwa. Mama yake akavitumia kumfundisha kusoma, kisha akamfundisha jiografia: majina ya nchi, bahari na miji, na njia ambayo msafiri angeweza kuipita ili afike upande mwingine wa dunia. Mtoto ambaye hangeweza kushuka ngazi alijifunza kuizunguka dunia nzima.

Baba hakufika darini. Alibaki kambini, na mwezi Juni 1943, ilipogunduliwa kwamba alikuwa akipanga na wenzake mpango wa kuvunja kambi na kutoroka, aliuawa. Katikati ya mwaka 1944 Jeshi Jekundu la Kisovieti liliwafukuza Wajerumani katika eneo hilo. Mama na mwana wakashuka darini wakiwa hai.

NCHI KWA NCHI, LUGHA KWA LUGHA

Vita vilipokwisha, shida haikwisha. Mama aliolewa tena, na mumewe mpya, Paul Hoffmann, ndiye aliyempa mtoto jina analojulikana kwalo. Familia hiyo ilitoka Poland mwaka 1946, ikapita Chekoslovakia, ikaingia katika kambi ya wakimbizi nchini Austria, kisha ikahamia Ujerumani. Kila mahali palikuwa na shule nyingine, mwalimu mwingine na lugha nyingine. Mwishoni walipata kibali cha kwenda Marekani, wakateremka katika bandari ya New York tarehe 22 Februari 1949. Roald alikuwa na umri wa miaka 11, na Kiingereza alichoanza kujifunza kilikuwa lugha yake ya sita.

Katika miaka hiyo ya ukimbizi alisoma, kwa Kijerumani, vitabu viwili vya maisha ya wanasayansi ambavyo hakuvisahau kamwe. Kimoja kilikuwa cha Marie Curie, mama mzaliwa wa Poland aliyevumbua radiamu. Cha pili kilikuwa cha George Washington Carver, Mmarekani mweusi aliyezaliwa utumwani, akajisomesha kwa taabu, akawa mtaalamu mkubwa wa kilimo katika chuo cha Tuskegee, na kuwafundisha wakulima maskini faida za karanga na viazi vitamu. Hebu tulitafakari jambo hili: mtoto mkimbizi wa Kiyahudi, kambini Ulaya, akipata moyo wa kusoma kwa habari za mtoto wa mtumwa mwenye asili ya Afrika.

Mjini New York aliingia katika shule ya sekondari ya Stuyvesant. Hiyo ni shule ya serikali, haina karo, nayo huchagua wanafunzi wake kwa mtihani. Kutoka hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1955.

WAZAZI WALITAKA DAKTARI

Wazazi wake walitaka asomee udaktari wa tiba, kama wazazi wengi watakavyo. Lakini huko Columbia alivutwa na mambo mengi: fasihi, ushairi, na hata historia ya sanaa. Baadaye alieleza kwamba alipata ushujaa wa kuwaambia wazazi wake kuwa hataki udaktari, ila hakupata ushujaa wa kuwaambia kuwa anatamani sanaa. Kemia ikawa njia ya katikati. Wakati wa likizo za kiangazi alifanya kazi katika maabara za serikali, na huko ndiko alikoonja utamu wa utafiti. Alimaliza shahada yake ya kwanza mwaka 1958, baada ya miaka mitatu tu.

Alipokwenda Harvard kwa masomo ya juu, mambo hayakunyooka. Alikuwa amekusudia kusoma kwa William Moffitt, kijana hodari wa nadharia, lakini Moffitt alifariki dunia mwaka huohuo wa 1958. Ikambidi atafute mwalimu mwingine. Mwaka 1960 alimwoa Eva Börjesson, binti wa Uswidi, na mwaka huohuo wakaenda pamoja Moscow, ambako alisoma kwa miezi tisa katika chuo kikuu cha huko. Hayo yalikuwa mambo ya nadra kwa Mmarekani wakati ule wa uhasama baina ya Marekani na Warusi.

Aliporudi Harvard alifanya kazi chini ya Profesa William Lipscomb. Pamoja na wenzake walitunga programu ya kompyuta ya kukadiria jinsi elektroni zinavyokaa ndani ya molekuli. Njia hiyo haikuwa na usahihi mkubwa, lakini ilikuwa nyepesi, na iliweza kutumika kwa karibu kila kitu chenye atomu. Mwaka 1962 alitunukiwa shahada ya udaktari wa falsafa.

KANUNI YA MAWIMBI

Sasa tueleze, kwa lugha ya nyumbani, ni kitu gani hasa kilichompa sifa.

Hapo Harvard palikuwa na mkemia mkuu, Robert Burns Woodward, ambaye sifa yake ilikuwa kuunda katika maabara vitu vigumu vinavyopatikana katika viumbe. Wakati huo alikuwa akijaribu kuunda vitamini B12. Katika kazi hiyo alikutana na ajabu moja. Mnyororo wa atomu za kaboni ulipojifunga kuwa pete, ncha zake mbili zilijizungusha kwa namna moja kama umepashwa moto, na kwa namna nyingine kama umemulikwa na mwanga. Kitu ni kilekile, lakini pete zilizopatikana zilikuwa tofauti. Kwa nini?

Woodward alimwendea kijana Hoffmann. Jibu walilolipata lilikuwa katika tabia ya elektroni. Elektroni ni chembe ndogo mno, lakini ndani ya molekuli huenda kama wimbi. Msomaji wa Kamembe hahitaji kwenda mbali ili alielewe wimbi. Na asimame ufukoni mwa Ziwa Kivu. Kilele cha wimbi kikikutana na kilele, maji huinuka zaidi. Kilele kikikutana na bonde, mawimbi hayo huuana. Vivyo hivyo ncha mbili za mnyororo: zikikutana kilele kwa kilele, kifungo hupatikana; zikikutana kilele kwa bonde, hapana kifungo.

Basi, ili vilele vikutane, ncha hizo hazina budi kugeuka kwa utaratibu maalumu. Kama elektroni zinazohusika ni 4 na nguvu inayotumika ni joto, ncha zote mbili hugeuka upande mmoja, mfano wa magurudumu mawili ya baiskeli. Ukitumia mwanga badala ya joto, mwanga huipandisha elektroni moja ngazi ya juu, mpangilio wa mawimbi hubadilika, na ncha hugeuka kwa kukabiliana, mfano wa milango miwili ya kabati. Elektroni zikiwa 6, mambo hayo hugeuka kinyume: joto huleta milango ya kabati, mwanga huleta magurudumu ya baiskeli.

Hiyo ndiyo iliyoitwa kanuni ya Woodward na Hoffmann. Waliitangaza mwaka 1965 katika makala fupi tano, na wakati makala ya kwanza ilipotoka Hoffmann alikuwa na umri wa miaka 27. Tangu hapo mkemia aweza kuhesabu elektroni kwa vidole, akajua mbele ya kazi ni njia ipi iliyo wazi na ni ipi iliyofungwa. Muda mwingi, fedha nyingi na dawa nyingi zimeokolewa kwa hesabu hiyo ndogo. Vitamini B12 yenyewe ilikamilika mwaka 1972, kwa kazi ya karibu watu 100 wa Harvard na wa Zürich nchini Uswisi.

Katika nchi ya Japani, Profesa Kenichi Fukui wa Chuo Kikuu cha Kyoto alikuwa ameifikia siri hiyo kwa njia yake mwenyewe, akianzia mwaka 1952. Mwaka 1981 Nobeli ya kemia ikagawanywa kati yake na Hoffmann. Woodward, aliyekuwa amekwisha kupata Nobeli nyingine mwaka 1965, alifariki dunia mwaka 1979, na tuzo hiyo haipewi marehemu.

JUA NA MIFUPA YA MTOTO

Huenda mama mmoja akauliza: jambo hilo lina faida gani kwangu na kwa mwanangu? Jibu limo katika ngozi ya mtoto wake.

Ndani ya ngozi ya binadamu mna kitu cha jamii ya mafuta, jamaa ya kolestroli, chenye pete ya atomu za kaboni. Miale ya jua isiyoonekana kwa macho inapoipiga ngozi, pete hiyo hufunguka. Elektroni zinazohusika ni 6, na nguvu ni mwanga; kwa hiyo ncha hugeuka kama magurudumu ya baiskeli, sawasawa na kanuni. Kisha joto la mwili, pasipo mwanga, huihamisha atomu moja ya haidrojeni kutoka upande mmoja hadi mwingine, nayo vitamini D inapatikana. Bila vitamini hiyo mwili hauwezi kutumia vema madini ya kalisi, na mifupa ya mtoto huwa laini, miguu ikapinda. Maradhi hayo ndiyo yaitwayo matege.

Basi muuguzi anapomwambia mama amtoe mtoto nje apate jua, anasema jambo ambalo mkemia wa nadharia aweza kulieleza hatua kwa hatua. Tena ikumbukwe kwamba kioo cha dirisha huzuia miale hiyo. Mtoto aliyewekwa nyuma ya kioo hupata mwanga na joto, lakini vitamini haipati.

MWALIMU WA WANAOANZA

Mwaka 1965 Hoffmann alijiunga na Chuo Kikuu cha Cornell, katika mji mdogo wa Ithaca, jimbo la New York, na huko ndiko alikofanya kazi ya maisha yake. Jambo moja lapaswa kuwagusa walimu wetu. Kwa miaka mingi, hata baada ya kupata Nobeli, profesa huyu alifundisha kemia ya mwaka wa kwanza, yaani aliwafundisha wale wasiojua kitu. Wengi wenye vyeo huiepuka kazi hiyo. Yeye alishikilia kwamba kuwafundisha wanaoanza kulimfanya awe mtafiti bora zaidi, kwa kuwa hujui kama jambo umelielewa mpaka umelieleza kwa mtu asiyelijua. Sisi tuliopita katika vyuo vya ualimu twaifahamu kweli ya maneno hayo.

Tena hakuacha mapenzi yake ya zamani. Ameandika mashairi, na pamoja na mkemia mwenziwe Carl Djerassi alitunga tamthilia iitwayo Oxygen, juu ya nani hasa aliyegundua oksijeni. Alikuwa pia mwelezaji katika vipindi 26 vya televisheni vya kufundisha kemia.

Mwaka 2006 alirudi Ukraine pamoja na mwanawe, akaenda katika shule ile. Dari ilikuwapo bado. Na ile ghala ya shule, ambamo pia walikuwa wamejificha, alikuta imeunganishwa na darasa. Na darasa lenyewe lilikuwa la kemia. Mwaka 2007 taifa la Israeli liliwatambua Mykola na Maria Dyuk miongoni mwa watu waadilifu waliowaokoa Wayahudi, na mwaka 2009 mnara wa kuwakumbuka waliouawa uliwekwa katika mji aliozaliwa, kwa juhudi za Hoffmann mwenyewe.

NENO KWETU

Wasomaji wa Rusizi hawahitaji kuelezwa maana ya dari iliyoficha watu. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, katika sehemu hizi zilizoitwa Cyangugu, wako waliofichwa darini, mashimoni na mashambani, na maelfu walionusurika walikusanywa kambini Nyarushishi. Taifa letu limewapa waliookoa wenzao heshima ya kuitwa Abarinzi b'Igihango. Aliyemficha mtoto hajui amemficha nani. Mwalimu Dyuk hakujua kwamba anamhifadhi bingwa wa kemia. Alijua tu kwamba anamhifadhi mtoto, na hilo lilimtosha. Askari na polisi, ambao ulinzi wa raia ni kiapo chao, wana la kujifunza kwa mwalimu huyo ambaye hakuwa na silaha yoyote.

La pili ni kwa wazazi wanaohamahama kwa ajili ya kazi. Uhamisho hauui akili ya mtoto. Kinachoua akili ni kukaa bure baada ya uhamisho. Mama yake Roald hakungoja shule ifunguliwe; alichukua vitabu vikuukuu akafundisha. Mzazi anapofika kituo kipya, na aulize habari za shule kabla hajapanga viti vya sebuleni. Naye mtoto apewe kitabu siku ileile ya kwanza, hata kiwe kimoja na kichakavu. Wala wingi wa lugha usitutishe. Mtoto wa Kamembe husikia Kinyarwanda nyumbani, Kiswahili sokoni na kwa majirani wa Bukavu, Kifaransa kwa wazee na Kiingereza darasani. Huo si mzigo, ni akiba.

La tatu ni kwa vijana wenyewe. Kemia ya nadharia haitaki maabara ya mamilioni. Yataka hisabati, fizikia, subira, na kompyuta ya kadiri. Njia haiko ng'ambo peke yake. Mwaka 2012 shule ya Kiafrika ya kuhesabu tabia za elektroni ilifanyika Eldoret, Kenya. Mwaka 2018 ilianzishwa Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda, taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa misingi ya sayansi, kwa ushirikiano na kituo cha kimataifa cha fizikia cha Trieste, Italia. Humo vijana wa nchi zetu husoma shahada za juu, na hesabu za elektroni ni sehemu ya masomo yao.

Na kazi ya kufanya ipo. Chini ya Ziwa Kivu mna gesi nyingi ya methani, iliyoyeyuka katika maji ya kina kirefu pamoja na gesi ya kaboni dioksidi iliyo nyingi zaidi. Huko Karongi mtambo wa KivuWatt umekuwa ukiigeuza methani hiyo kuwa umeme, wenye uwezo wa megawati 26. Kuna maswali mengi bado: jinsi ya kuzitenga gesi hizo kwa gharama ndogo, na jinsi ya kuigeuza methani kuwa vitu vingine vya thamani, kama mbolea. Maswali ya namna hiyo huanza kujibiwa kwa kalamu kabla ya kujibiwa kwa mitambo.

Mzazi, mwanao akikuuliza jioni kwa nini jua huponya mifupa au kwa nini gesi ya ziwani huwaka, usimnyamazishe kwa kuwa umechoka na zamu. Mwambie unalolijua, na usilolijua mwelekeze kwa mwalimu wake. Mama mmoja alifanya hivyo darini, kwa sauti ya chini, na adui akiwa nje. Sisi twakaa katika amani, na sauti zetu haziogopi kusikiwa.